Jiwe jeusi lililoniangusha kwenye usaili

Juzi mdogo wangu mmoja wa Nanyuki ameniandikia: anataka kusomea jiolojia ya barafu, aanzie wapi? Namjibu hapa, maana najua wengi wenu mnaitamani njia hii.

Mimi nilianza kwa kushindwa. Kwenye usaili wa uzamili, Uingereza, waliniwekea mezani jiwe jeusi lenye fuwele kubwa zilizopauka. "Kenaiti," nikasema kabla sijaligusa, na moyo ukanijaa: jina hilo la aina ya jiwe la volkano, mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory alilitoa kwenye Mlima Kenya wetu, aliouchunguza mwaka 1893. Kumbe jiwe lenyewe liliokotwa Antaktika, karibu na Hjorth Hill, kilima cha mita 760 kwenye mdomo wa bonde la Taylor. Wakaniuliza limefikaje pale. Nikajibu volkano imelirusha. Mmoja wao akacheka. Kicheko kile bado kinaniuma.

Kwao jiwe lile ni kisiwa cha Ross, kwenye volkano ya Erebus, ng'ambo ya bahari, zaidi ya kilomita 50. Tena lilikuwa limelala ndani ya kifusi: matope, kokoto na majabali pamoja, bila mpangilio. Maji huupanga mzigo wake kwa ukubwa. Barafu huubwaga tu. Kifusi hicho kinapanda ubavuni mwa kilima kisha kinakoma, na hapo ndipo ukingo wa barafu ulipofika. Nami nilikuwa nimekariri kwamba barafu hushuka bonde kuelekea baharini! Pale ilipanda ikitokea baharini. Katika enzi ya barafu iliyopita, barafu iliijaza Bahari ya Ross, nene hata ikakalia sakafu ya bahari, ikasukuma mawe ya Erebus kuelekea magharibi hadi kwenye midomo ya mabonde.

Basi, mdogo wangu, ukikuta jiwe geni, tafuta kwanza kwao. Usitosheke na mikwaruzo juu ya jiwe ukadhani ni ya barafu. Hata maporomoko ya ardhi hukwaruza. Chora ramani, weka mshale kutoka kwao hadi ulipolikuta, ndipo useme. Tumelelewa kukariri, na kukariri kulinigharimu mwaka mzima. Niliomba tena, nikapokelewa, na mwezi uliopita tasnifu yangu imepita. Nasema haya kwa fahari.

Usisubiri viza. Panda kwa njia ya Naro Moru hadi Bonde la Teleki, kwenye matuta yaliyoachwa na barafu. Chagua jiwe moja, ulifuatilie hadi kwao, kisha uniandikie.