Besiki ni sawa, sasa shuka uangalie alawansi

Mmeuliza wiki hii kama kazini kwetu wanawake wanalipwa na kupandishwa cheo sawa na wanaume. Mimi ndio nashika peroli, yaani hesabu za mishahara, kwa kampuni moja ya kusambaza bidhaa za maduka hapa Kisumu, jina siweki, maana bado naihitaji hiyo kazi.

Ukiuliza bosi wetu atakuambia ni sawa kabisa na wala hadanganyi, besiki, yaani mshahara wa msingi kabla ya alawansi, ni ile ile, watu wote wa mauzo shilingi 26,000. Sasa shuka na hiyo karatasi ya mshahara polepole. Jamaa anayezunguka na gari kuuza mzigo ruti ya Bondo na Usenge ana pesa ya lanchi, ya simu, ya kulala nje akichelewa, halafu komisheni ya mzigo aliouza. Dada aliyeandikwa naye siku moja yuko kaunta, anapokea oda, anatuliza wateja wakifoka, jioni anafunga hesabu, na kwake ni sifuri sifuri mpaka chini. Mwezi ukiisha jamaa amemzidi kama 15,000 hivi na wote wawili wanaamini wanalipwa sawa, maana barua zao za kazi zinafanana, na kwetu kumuuliza mtu mshahara wake ni kama kumuuliza ana ugonjwa gani.

Na huyo dada ruti hapewi kwa nini? Ati wanamhurumia. Nilikuwepo akiomba, akaambiwa, "Madam, Usenge si mchezo, utarudi saa tatu usiku, watoto utaachia nani?" Huyo jamaa ana watoto watatu na sijasikia akiulizwa wanabaki na nani. Sikatai, usiku barabarani kuna hatari, lakini si basi gari litoke mapema, ama mwanaume akivamiwa haumii?

Halafu nafasi ya supavaiza ikatokea, na swali la kwanza kwa intavyuu ni umewahi kusimamia ruti gani. Mambo yakaishia hapo. Kijana aliyefundishwa mambo ya stoki na huyo dada ndiye sasa anamsainia likizo. (Likizo ya uzazi yenyewe sina neno, miezi mitatu inalipwa, ila ukirudi unakuta wateja wako wazuri wameshagawanywa.)

Wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 haiishii kwa besiki. Kifungu cha 5 kinataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, na malipo kwa hiyo sheria ni jumla ya kila kitu unachopata kwa ajili ya kazi, iwe pesa au kitu kingine. Tena kesi ya ubaguzi ikifika kortini, ni mwajiri anatakiwa kuonyesha kwamba hakubagua. Korti ya mambo ya ajira tunayo hapa hapa mjini, lakini utaenda kushtaki tofauti ambayo hujawahi kuiona? Na mimi ninayeiona kila mwisho wa mwezi nilisainishwa karatasi ya kutunza siri.

Nilichoweza ni kumwambia meneja ruti ziwe zinazunguka, kila mtu miezi mitatu mitatu. Akasema ni wazo zuri, akampa dada Ahero. Lanchi hakuna, ati Ahero ni hapa tu.