Maswali na Majibu: Ndege wa Uani Wakati wa Masika

Mbayuwayu waliokuwa wakijipanga kwenye nyaya za umeme hapa Morogoro wametoweka tangu Aprili. Je, wameuawa na dawa za mashambani?

Hapana. Wale wenye koo jekundu na mkia wenye panda ndefu wamerudi Ulaya na Asia kuzaliana, na utawaona tena kuanzia Septemba. Wanaojenga kwa udongo chini ya mapaa yetu ni wenyeji, hivyo usibomoe kiota chao kwa sababu ya kinyesi ukutani. Pigilia kibao chini yake.

Minana wamechana makuti ya mnazi wangu. Niyaangushe matundu yao?

Swali hili huletwa kila masika, na jibu ni lile lile: usiyaguse kabla makinda hayajaruka. Dume hufuma wakati wa mvua kwa sababu majani mabichi hupindika vizuri na wadudu wa kulishia makinda ni wengi. Jike huja kukagua, na akilikataa tundu, dume hulifumua na kuanza upya. Mayai huatamiwa kwa takriban wiki 2 na makinda hukaa tunduni takriban wiki 3, kwa hiyo unaombwa subira ya mwezi na siku chache tu. Mwangalie pia kekeo wa kijani, ambaye hutaga yai lake humo kwa siri. Rangi ya mayai ya minana hutofautiana baina ya jike na jike, jambo linalomwezesha kila mmoja kulitambua yai geni na kulitupa. Anayepiga matundu kwa upondo huangamiza hayo yote, kisha hulalamikia viwavi mchichani. Nanyi wazazi, wanyang'anyeni watoto manati.

Bundi analia juu ya paa. Ni dalili ya msiba?

Sivyo, na nimechoka kuulizwa. Amefuata panya.

Kwa nini ndege hujaa uani mvua ikikatika?

Kumbikumbi wametoka. Usipulize dawa.

Kunguru wananimalizia vifaranga. Niweke sumu gani?

Usiweke yoyote, kwa maana mzoga wenye sumu utaliwa na mwewe na paka wa jirani. Kunguru mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, naye hustawi penye mabaki ya chakula. Funika pipa la taka, walaze vifaranga chini ya tenga, na kazi ya kuwapunguza kunguru uwaachie maofisa wa wanyamapori. Usimchanganye na yule mwenye kifua cheupe, ambaye ni wa asili yetu na tayari amesukumwa nje ya makao yake katika miji ya pwani.