Niliomba mtaro, nikapewa soda

SWALI: Mzee, shikamoo. Nauza sukuma na nyanya karibu na steji hapa Kaptembwa, Nakuru. Mvua ikinyesha, mtaro ulio nyuma ya kibanda changu hufurika na maji meusi yakaingia mpaka chini ya meza. Mwaka jana nilienda kwenye kikao cha maoni ya wananchi, nikasimama, nikaomba mtaro uzibuliwe na uwekewe vifuniko. Nilipigiwa makofi, nikapewa soda, nikaenda zangu. Hadi leo kimya, na ada ya soko nalipa kila siku. Tuliambiwa tumekuwa jiji. Mbona hatuna hata meya wa kumlilia? – Mama Mboga, Kaptembwa

JIBU: Marahaba, mama. Meya tuliagana naye mwaka 2013, kaunti zilipoingia na mabaraza ya miji yakavunjwa. Nakuru ilipopewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ule mnyororo wa umeya wa shingoni haukurudi. Siku hizi jiji huendeshwa na bodi isiyozidi watu 11 pamoja na meneja, kwa niaba ya serikali ya kaunti. Wa kumlilia basi yupo, ni meneja wa jiji. Gavana ana kaunti nzima, toka Naivasha hadi Kuresoi. Mtaro wako utamfikia umeshakauka.

Sasa hiyo soda. Nilikuwa karani wa baraza la mji mmoja, sitalitaja, na kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano. Mama kama wewe alisimama akaeleza habari ya choo cha soko, akataja hadi idadi ya siku kilizofungwa. Mimi nikaandika: "Wananchi walitoa maoni mbalimbali." Basi. Sentensi hiyo niliiandika mara nyingi kuliko jina langu. Usidhani nilikuwa na nia mbaya. Jua lilikuwa kali na gari lilikuwa linaningoja. Lakini choo kilipotelea hapo, ndani ya neno "mbalimbali".

Kwenye kikao chako ulitia sahihi orodha ya waliohudhuria, si ndiyo? Orodha hiyo imehifadhiwa vizuri sana, kwa kuwa ndiyo ushahidi kwamba ulishirikishwa. Jina lako lipo. Mtaro wako nina shaka.

Andika barua. Na kwanza tenganisha mambo mawili uliyoyafunga kwenye kikapu kimoja. Kuzibua ni kazi ya usafi ya kawaida, ya watu wenye koleo na toroli, na hiyo idai leo kwa meneja. Vifuniko vya zege ni mradi, na mradi usio kwenye bajeti haujengwi hata ukipigiwa makofi mpaka viganja viwake. Serikali ya kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza Julai. Kwa hiyo vifuniko unavyovitaka mwakani vinahitaji kuombwa kabla ya Septemba hii, si mvua zikishaanza.

Nakala moja mpe MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi yako kwenye bunge la kaunti. Yeye hajengi mtaro, ila ndiye anayeinua mkono bajeti ikipitishwa, na hata hiyo ada unayotozwa na kanjo, askari wa kaunti, imetoka kwenye sheria ya fedha iliyopitishwa bungeni humo. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 kinawaruhusu wakazi kujadili huduma za jiji na kutoa mapendekezo. Kitaje kwenye barua. Karani akiona namba ya kifungu hukaa wima, nasema nikijua.

Kama unataka kujua wadi yako ilitengewa nini mwaka huu, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kiswahili kinakubalika sawa na Kiingereza, kuwasilisha ombi hakulipiwi, na kaunti inapaswa kukupa uamuzi ndani ya siku 21. Usimlipe kijana wa saiba, pale kwenye kompyuta za kukodi, akutafsirie.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Taja mtaro unaanzia wapi na unaishia wapi, pima urefu kwa hatua zako, watie sahihi majirani, hata yule wa mitumba mnayegombania kivuli. Piga picha mvua ikinyesha. Peleka nakala mbili, na usiondoke kaunta mpaka ya kwako ipigwe muhuri wenye tarehe. Wakikwambia mwenye muhuri ameenda chai, kaa kwenye benchi umngoje. Mimi mwenyewe nilikuwa nikienda chai hiyo, na tulikuwa tunarudi.