Free Pascal kutoka sosi: sosi yako ni nzima, kompaila unayoanzia ndiyo ya zamani

Mkuu, umesema uko kwenye Ubuntu 20.04, umeshusha sosi (msimbo wenyewe) ya Free Pascal, yaani kompaila inayogeuza msimbo wa lugha ya Pascal kuwa programu, kutoka GitLab, ukapiga `make all` uijenge mwenyewe, na kabla feni ya laptop haijaanza hata kuvuma ikakata na ujumbe huu:

`The only supported starting compiler version is 3.2.2. You are trying to build with 3.0.4.`

Na mimi ujumbe huo ulinikuta. Nikafuta folda, nikashusha upya, ukarudi vilevile. Nimechoma bando bure.

Iko hivi: Free Pascal imeandikwa kwa Pascal. Huijengi bila kuwa na Free Pascal nyingine iliyokwisha kujengwa. Ni kama mtindi, bila kubakiza kidogo wa jana kwenye kibuyu, wa leo utaugandisha na nini? Sosi uliyonayo, ambayo yenyewe inajiita 3.3.1, inataka ianzishwe na 3.2.2, toleo la Mei 2021. apt, kisakinishi cha Ubuntu 20.04, inakupa 3.0.4, ya 2017.

Kuna watakaokwambia uongeze `OVERRIDEVERSIONCHECK=1` ili make isikague toleo. Nilijaribu. Ikaenda kidogo, ikafia katikati na eror ambayo nilidhani ni kosa la sosi. Usipoteze muda huko.

Shusha `fpc-3.2.2.x86_64-linux.tar`, ifungue, endesha `install.sh` bila sudo. Ikikuuliza pa kuweka, itapendekeza yenyewe folda ya `fpc-3.2.2` ndani ya home yako, kubali. Ile ya apt iache ilipo. Kisha ingia kwenye folda ya sosi:

```
make distclean
make all PP=$HOME/fpc-3.2.2/lib/fpc/3.2.2/ppcx64
make install PP=$HOME/fpc-3.2.2/lib/fpc/3.2.2/ppcx64 INSTALL_PREFIX=$HOME/fpc-mpya
```

`distclean` usiiruke, inafagia mabaki ya jaribio lako la kwanza. Na PP, yaani kompaila ya kuanzia, iwe `ppcx64`, kompaila halisi, njia nzima. `fpc` ni mpiga mbiu tu: kazi yake ni kumtafuta ppcx64 na kumkabidhi faili.

Ukiona kompaila inajengwa, halafu inajengwa tena, halafu tena, usibonyeze Ctrl+C kama nilivyofanya mimi. Haijakwama. 3.2.2 inazaa kompaila ya kwanza, hiyo inazaa ya pili, ya pili inazaa nyingine, mpaka mbili zinazofuatana zifanane baiti kwa baiti. Kwa kweli hapa ndipo nilipoipenda hii kitu: kompaila inajitahini yenyewe kabla ya kukabidhiwa kwako.

Baada ya install kuna mawili ambayo make haikufanyii, kuiunga ppcx64 mpya kwenye `bin` na kutengeneza `.fpc.cfg`, faili ya mipangilio ya kompaila:

```
ln -s $HOME/fpc-mpya/lib/fpc/3.3.1/ppcx64 $HOME/fpc-mpya/bin/ppcx64
$HOME/fpc-mpya/bin/fpcmkcfg -d basepath=$HOME/fpc-mpya/lib/fpc/3.3.1 -o $HOME/.fpc.cfg
```

La pili ndilo lililonikesha. Kompaila mpya ilikuwa inasoma `fpc.cfg` ya zamani, inaenda kutafuta yuniti (vipande vya msimbo ambavyo programu huazima) kwenye folda isiyokuwepo, inalalamika `Can't find unit system`. Programu yenyewe ilikuwa ya mistari mitatu, ya kuandika jina langu! Kama `.fpc.cfg` ipo tayari kwenye home, ibadilishe jina kwanza kabla ya kutengeneza hii.

Mwisho PATH, orodha ya folda ambamo terminal inatafuta programu. Weka folda mpya mwanzoni, si mwishoni, la sivyo ile ya apt itaitika kwanza:

`export PATH=$HOME/fpc-mpya/bin:$PATH`

Piga `fpc -iV`. Ikisema 3.3.1, umemaliza. Ikisema 3.0.4, piga `which fpc` na `which ppcx64`, utuwekee majibu hapa tuone.