Kitenzi Kina Upande: kuandika habari za soka bila kuvaa jezi

Januari 21, 2024, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), mjini San Pedro, Ivory Coast. Tanzania (Taifa Stars) 1, Zambia 1. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, Roderick Kabwe wa Zambia akalimwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Sasa andika kichwa cha habari.

"Stars yaibana mbavu Zambia" ni kweli. "Stars yaponyokwa na ushindi" ni kweli pia. "Stars yaambulia sare kwa Zambia pungufu" nacho huwezi kukikanusha. Matokeo ni yale yale, ila kila kichwa kimeshaamua nani alitarajiwa kushinda. Kubana mbavu hufanywa na mdogo kwa mkubwa, na Zambia ni bingwa wa Afrika wa 2012, kwa hiyo msomaji anapongeza. Kuponyokwa kunasema ushindi ulikuwa mkononi. Kuambulia kunasema ulistahili zaidi ya ulichopata, na neno "pungufu" linamalizia lawama. Kipo hata cha nne: hiyo ilikuwa pointi ya kwanza ya Stars kwenye AFCON tangu 1980.

Chagua kitenzi mwisho, si mwanzo. Kwanza andika kwenye daftari matokeo, dakika za mabao, kadi, na hali ya timu zote mbili kabla ya mechi. Kisha tazama aya yako ya kwanza inasimamia nini. Kama imesimama kwenye dakika ya 88, kichwa ni "yaponyokwa". Kama imesimama kwenye historia, iache pointi ya 1980 iongoze. Mambo huharibika pale mwandishi anapoandika masikitiko halafu mhariri wa dawati akaweka "yaibana mbavu" juu yake. Msomaji anafika aya ya pili akidhani amefungua habari nyingine.

Vitenzi vya ushindi vina uzani. "Yaifunga" na "yailaza" hubeba ushindi wowote. "Yaichapa" imezoeleka hata kwa 1-0, sina ugomvi nayo. Lakini "yaifumua", "yaigaragaza" na "yaisambaratisha" ziwekee matokeo kama ya Novemba 5, 2023, Yanga ilipoishinda Simba 5-1 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ukiigaragaza timu kwa penalti moja ya dakika za nyongeza, siku ya 5-1 utakuwa umeishiwa maneno, na shabiki wa upande wa pili ameshakuandikisha uanachama wa timu pinzani. Kwa sare, "zatoshana nguvu" haimlaumu mtu. "Zagawana pointi" ni ya ligi na makundi tu. Kwenye mtoano hakuna pointi ya kugawana, na bado inaandikwa.

Penalti nayo ina mitego. Timu "ikipata" penalti, umeripoti. "Ikizawadiwa", umesema haikustahili. "Penalti ya utata" inataka swali moja: utata wa nani? Kama waliolalamika ni benchi la upande mmoja tu, sema hivyo. Mpira uligusa wapi, mwamuzi alikuwa umbali gani, aliamua nini. Hayo matatu yanamtosha msomaji kubishana mwenyewe.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye kunukuu, kwa sababu huko upendeleo hauonekani. Chukua kocha anayesema, "Tulichoka kipindi cha pili." Ukiandika "alisema", umefikisha. Ukiandika "alikiri", umemtia hatiani: kukiri kunadai kwamba kosa lipo na alikuwa akilificha. "Alijitetea" inageuza sentensi hiyo hiyo kuwa kisingizio, na "alidai" inamnong'oneza msomaji asiamini. "Alikiri" itumie pale tu aliposhutumiwa kwanza akakubali. "Alitamba" inahitaji majigambo yawepo ndani ya nukuu, maana kocha aliyesema "tumejiandaa vizuri" hajatamba.

Angalia pia upatanisho. "Yanga imelalamika" humpa msomaji picha ya klabu, yaani barua au tamko. "Yanga wamelalamika" inaweza kuwa mashabiki wa jukwaani. Habari ikihusu TFF (shirikisho la soka Tanzania) au Bodi ya Ligi, herufi hizo chache zinaweza kukuletea simu asubuhi.

Dirisha la usajili lina ngazi yake, na kila ngazi inadai ushahidi wake. "Anahusishwa" haidai kitu, mtu amesema tu. "Yuko kwenye rada" inadai klabu inamtaka. "Mazungumzo yanaendelea" inataka chanzo upande mmoja angalau. "Yuko mbioni kutua" inasema yamebaki madogo. "Amemwaga wino" ni mkataba uliosainiwa, na "ametambulishwa" ni klabu yenyewe kumtangaza. Kosa la kawaida ni kichwa kupanda ngazi nne juu ya habari: juu "Atua Msimbazi" (yaani Simba), chini "anahusishwa". Alama ya kuulizia haikuokoi, picha ya kichwa chako itasambaa hivyo hivyo. Ku- ya vichwa vya habari ina hila zaidi. "Simba kuivaa Al Ahly" ni ratiba, iko kwenye karatasi. "Kocha kutimuliwa" inasomeka kama ratiba pia, wakati ulicho nacho ni minong'ono. Na "inaelezwa" bila kusema nani ameeleza ni deni. Andika "kwa mujibu wa wakala wake", au subiri.

Majina ya utani ni kiungo kizuri, ila taja jina rasmi kwanza. Wananchi (Yanga), Mnyama (Simba) na Wanalambalamba (Azam) hayamsaidii msomaji wa Kisumu, kama Ingwe (AFC Leopards) na K'Ogalo (Gor Mahia) yasivyomsaidia wa Mbeya. Utopolo na Makolo, kejeli kwa Yanga na Simba, yabaki kwenye maoni ya mashabiki.

Na "vijana wetu"? Redioni Dar es Salaam, sawa. Lakini Januari 24, 2024, Stars ilipotoka 0-0 na DR Congo mjini Korhogo, wasomaji wa Kiswahili walikuwa pande zote mbili. Ukiandika "wetu", msomaji wa Lubumbashi anajua papo hapo kuwa habari haikuandikwa kwa ajili yake. Andika "Stars".