Kabla hujashuka pwani na mtungi

Ukikaa Malindi, kufuga samaki wa bahari nyumbani huonekana jambo jepesi. Bahari iko hapo nje, mtungi wa lita 20 unao, na samaki wa rangi umewaona tangu utotoni. Hivyo ndivyo nilivyodhani mimi, na tangi langu la kwanza halikumaliza miezi mitatu. Siku hizi vijana wa mtaani huja kuniuliza, na wote huanza na swali moja: nimtie samaki gani? Nami huwauliza: maji umeyateka lini, na wapi?

Mto Sabaki unamwaga kaskazini mwa mji wetu. Wakati wa masika huteremsha tope la bara mpaka ghuba ikawa rangi ya chai ya maziwa. Maji ya siku hizo yaache. Yana udongo, na mto umeyapunguza chumvi. Mimi huteka wakati wa kaskazi, maji yakijaa, kwa mashua, mbali na ufuo na mifereji ya mji. Nikifika nyumbani nayachuja kwa kitambaa kizito na kuyahifadhi gizani kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko. Halafu napima. Kipima chumvi kisome 1.025 au 1.026, yaani kama gramu 35 za chumvi katika kila lita.

Kijana mmoja alitaka kujua kwa nini asitie chumvi ya kula inayotengenezwa Gongoni kwenye maji ya bomba, kwani nayo si ya bahari? Ni ya bahari, lakini si bahari nzima. Jua linapokausha maji kwenye mabwawa ya chumvi, kalisi hutangulia kutua, kisha chumvi ya kula inaganda, na magnesiamu hubaki kwenye maji machungu ya mwisho. Kilichomo ndani ya pakiti ni cha kupikia mchuzi.

Sasa kosa langu. Tangi lilikuwa la lita 60, na kwa joto la hapa lilipoteza karibu nusu lita kwa siku. Kila nikiona maji yamepungua, najaziliza kwa maji ya bahari. Sikufikiri kwamba kinachopaa ni maji matupu, chumvi haiendi popote. Kwa mwezi nilikuwa nimeongeza lita 15, yaani zaidi ya nusu kilo ya chumvi juu ya ile iliyokuwamo. Nilipoazima kipimo kikasoma 1.033. Samaki walishaanza kuhema juu juu, na wiki ile ile niliwatoa mmoja mmoja kwa kijiko. Basi piga alama kwenye kioo kwa kalamu, na kila siku rudisha maji kwenye alama hiyo kwa maji yasiyo na chumvi. Ya kisima hayafai, visima vyetu vina chumvichumvi na chokaa. Ya mvua kutoka paa la mabati huja na zinki, nayo huua kamba na konokono. Mimi hununua yale maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri kwenye vituo vya petroli. Soma chupa vizuri: maji, si asidi!

Tangi lenyewe fundi wa vioo atakuundia: sentimita 60 kwa 30, urefu wa kwenda juu 35, kioo cha milimita 6. Kwa gundi ya kuunganishia vioo, silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuua kuvu usiikubali. Likijaa maji na mawe hukaribia kilo 80, kwa hiyo kile kimeza cha televisheni kisahau.

Kwa mawe, usiguse Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Imelindwa tangu 1968, na hata kombe tupu halitoki mle. Mimi nilitumia vipande vya mawe ya matumbawe yanayochimbwa nchi kavu kwa kujengea nyumba. Nilivisugua, nikaviloweka siku nyingi, nikibadilisha maji. Vina vitundu tele, na humo ndimo watakamokaa bakteria.

Hao ndio wenyeji wa kwanza wa tangi. Tia kipande cha kamba mbichi, kioze. Amonia itapanda, kundi moja la bakteria litaigeuza nitriti, jingine litaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo. Kazi hiyo huchukua wiki nne mpaka sita. Maji yatang'aa kama kioo siku ya tatu na utashawishika. Amini matone ya dawa ya kupimia maji: amonia sifuri, nitriti sifuri, ndipo.

Samaki nunua kwa mwenye leseni ya kuwavua. Lita 60 zinawatosha wale wadogo wa rangi ya chungwa wanaoishi kati ya minyiri ya anemoni, yule mnyama laini anayeshika miamba, wawili tu, na hawadai anemoni ndani ya tangi. (Wote huzaliwa madume, mkubwa wa kundi ndiye hugeuka jike.) Kitatange ni mzuri kweli, ila ni mgomvi, na baadhi ya aina zake hukua hadi sentimita 40. Kila wiki badilisha sehemu moja ya kumi ya maji kwa yale ya bahari uliyohifadhi pipani.

Kifaa cha kupasha maji joto huku hukihitaji. Februari na Machi shida ni kuyapoza, nayo feni ndogo ikipuliza juu ya maji inatosha, ingawa itakuongezea kazi ya kujaziliza. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo pampu ya kuyatia hewa ikisimama saa chache tu ni hatari. Usiku mmoja, ilipofika saa tatu, umeme ulikatika. Nilikaa na kikombe, nachota na kumimina kutoka juu, nachota na kumimina, mpaka adhana ya alfajiri. Maduka yalipofunguliwa nilinunua pampu ya betri.