Nimwone nani kwanza?

Swali: Kwa wiki tano sasa silali vizuri na kazi imenichosha. Niende kwa mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili?

Jibu: Anza na daktari wa kawaida akupime damu, kwani upungufu wa damu au tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu huweza kuleta dalili kama za sonona (ugonjwa wa huzuni na uchovu wa muda mrefu). Vipimo vikiwa safi, mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo. Dawa za sonona kwa kawaida huandikwa na daktari, kama yule wa magonjwa ya akili (nyingi huchukua wiki 2 hadi 6 kufanya kazi, na wengi huziacha mapema mno). Muulize mtaalamu leseni yake, na mtapimaje maendeleo. Akikwepa hilo la pili, tafuta mwingine. Ukiwaza kujiua, usingoje miadi: nenda idara ya dharura leo.